Shajara ya mradi: kuvitambua na kuvizidisha vichaka vya rododendroni na azalea visivyo na lebo

Kuanza

Haya, naanza kuandika rasmi maana kichwani peke yake hakutoshi tena. Bustani ina vichaka vingi vya maua, rododendroni na azalea, vya zamani, lebo zimeoza na aliyevipanda hayupo wa kuulizwa. Mradi ni huu: kila kichaka kijulikane ni cha kundi gani, vilivyo dhaifu vipewe matunzo yanayovifaa, na vile vizuri kabisa vizidishwe kabla havijazeeka vikatutoka. Nimevipa herufi A mpaka M, nimechora ramani kwenye daftari, kila herufi ina ukurasa wake na picha zake kwenye simu.

Kwanza niweke sawa hili maana ndo linalowachanganya wengi. Azalea ni rododendroni. Linnaeus, mtaalamu wa mimea, mwaka 1753 aliziweka kwenye jenasi mbili tofauti (jenasi ni kundi la spishi zilizo karibu), halafu mwaka 1834 mwenzake wa fani, George Don, akaziunganisha, na mpaka leo zote ziko kwenye Rhododendron, jenasi yenye spishi kama 1,000 hivi. Kwa hiyo ukiuliza "hii ni azalea au ni rododendroni" swali zuri zaidi ni "hii iko tawi gani la ukoo", na jibu la hilo ndo linakuambia uikate lini, uizidishe kwa njia gani na utegemee ichanue vipi. Mtunza bustani anayejua kundi bila kujua jina la aina bado anaweza kuitunza vizuri, ila anayejua jina la kuvutia tu bila kundi anabahatisha.

Maua bado, majani yanatosha

Watu wengi wanasubiri ua ndo waanze kutambua. Mimi naona ua lisubiri, jani ndo la kwanza, tena upande wa chini. Lenzi ndogo ya mkono inayokuza mara 10 inatosha kabisa, unaligeuza jani, unalisogeza karibu na mwanga, unaangalia taratibu.

Kichaka B kina majani madogo, hayafiki urefu wa kidole, na kwa macho matupu chini yake unaona vidoa vidoa vya kahawia tu. Chini ya lenzi vidoa vinageuka kuwa magamba: viduara vidogo vilivyoshikilia jani kwa kikonyo kifupi cha katikati, ukingo wake unapitisha mwanga, vingine rangi ya asali vingine kahawia iliyokolea, vimepangana vizuri sana yani nilikaa navyo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Hayo magamba ndo yanaigawa jenasi. Rododendroni zenye magamba ni upande mmoja, mara nyingi za majani madogo, na zisizo na magamba ni upande mwingine, humo mnaingia zile kubwa za majani mapana, na azalea nazo hazina magamba. Pande hizi mbili hazichavushani kirahisi hata ukichavusha kwa mkono, kwa hiyo ukiona magamba umeshafuta nusu ya majibu yote kwenye orodha yako.

Kichaka K hakina magamba ila chini ya jani kuna manyoya yaliyoshikana, rangi ya kahawia, mazito kama blanketi, na kingo za jani zimejikunja kwenda chini. C na F hazina kitu, jani kubwa, nene, chini laini kabisa.

Halafu azalea zisizopukutisha majani, hizo ni D, E, G na H. Hapa kuna alama ambayo ukishaiona mara moja huisahau: vinyweleo bapa vimelala juu ya jani na juu ya kijiti kichanga, vyote vimeelekea upande mmoja kufuata mshipa wa kati. Ukipitisha kidole kuelekea ncha ni laini, ukirudi kuelekea shina unasikia mkwaruzo. A na J ni azalea pia ila zinapukutisha majani yote, kwa sasa ni vijiti vitupu na matumba.

Matumba nayo yanasema. Tumba la ua ni nene, la mviringo, liko kwenye ncha ya tawi. Tumba la majani ni jembamba lenye ncha kali. Nimehesabu kwa macho kichaka kwa kichaka nikaona H karibu hana tumba la ua hata moja, na rangi yake ya majani inanitia wasiwasi, nitamrudia.

Udongo

Hizi mimea ni za ukoo mmoja na bluberi na erika, wote wanapenda udongo wenye asidi. pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka chini ya 7 asidi inaongezeka) ya kati ya 4.5 na 6 ndo wanaishi vizuri. Nimepima sehemu tofauti tofauti za bustani badala ya sehemu moja, na imesaidia sana, maana kwingi ni 5 na kitu, safi, ila pale alipo H pH imepanda karibu na 7. Ukiangalia ramani unaona sababu: H yuko chini ya ukuta wa saruji, na saruji huachia chokaa kila maji yanapoipitia.

Majani ya H ndo picha ya kitabuni ya tatizo hili. Jani changa ni la njano huku mishipa imebaki kijani, na majani ya zamani chini hayajaathirika sana. Hilo la machanga kuanza ndo linaonyesha ni upungufu wa chuma, kwa sababu mmea hauwezi kuhamisha chuma kutoka jani la zamani kwenda jani jipya, tofauti na naitrojeni ambayo ikipungua yanaanza majani ya zamani. Chuma kipo kwenye udongo ila pH ikipanda kinafungwa, mizizi haikipati. Kwa hiyo kumwaga mbolea ya kawaida hapo ni kupoteza, tatizo siyo njaa ya mbolea.

Uamuzi: H anahama. Mizizi ya azalea ni myembamba mno, imesongamana karibu na juu ya ardhi, haina vile vinywele vya mizizi vya mimea mingine, inategemea kuvu wanaoishi nayo kuipatia chakula. Ubaya wake ni kwamba inakauka haraka na inaoza haraka. Uzuri wake ni kwamba unaweza kumng'oa mzee mzima na sahani yake ya mizizi bila kuchimba kwenda mbali chini. Nimemkata kwa sepetu kwa duara pana, nikamwingiza kwenye turubai, nikamvuta hadi upande wa pili wenye kivuli cha juu na jua la asubuhi. Shimo pana, siyo refu. Sahani ya mizizi imekaa juu kidogo ya usawa wa ardhi, pembeni nimejaza udongo mchanganyiko na magome yaliyooza, na juu matandazo ya majani ya misonobari, yasiguse shina. Kumzika kwa kina ni kumuua polepole, hilo nalisisitiza kwa yeyote anayesoma.

Maji nampa ya mvua niliyoyakinga, maana ya bomba mengi yana chokaa. Na kwa sehemu nyingine zilizopanda kidogo natumia salfa, kidogo kidogo, inachukua miezi kufanya kazi kwa sababu bakteria ndo wanaoigeuza kuwa asidi. Salfeti ya alumini wanaitumia watu kwa haidrenjia kupata rangi ya bluu, msiilete huku, alumini inadhuru mizizi ya rododendroni.

Maua yameanza

Azalea D na E zimetangulia. Maua madogo, yamefunika kichaka hadi majani hayaonekani. Hapa ndo nikafungua tumba moja kwa wembe kuhakikisha jambo ambalo nililisoma: kwenye azalea zisizopukutisha, tumba moja la kwenye ncha linabeba maua pamoja na machipukizi ya majani, yamejificha kwenye kwapa za maganda ya chini ya tumba. Kweli yapo, mawili matatu, kijani mbichi, yamekaa pembeni ya maua yakisubiri. Kwenye rododendroni kubwa kama C, tumba la ua ni maua tu, machipukizi ya majani yanatoka kwenye matumba mengine chini yake. Hii alama haina utata, hata ua likiwa na sura ya ajabu vipi.

Stameni, yani zile nyuzi za ua zinazobeba chavua, ndo kipimo kinachotajwa sana, azalea 5 na rododendroni 10 au zaidi. Ni mwongozo mzuri wa kuanzia ila usiutegemee peke yake. G ina zaidi ya tano na bado ni azalea, vinyweleo vyake vilivyolala vinathibitisha. Na E huwezi kuhesabu sawasawa kwa sababu ni ua juu ya ua, yani kikombe cha kijani cha chini kimegeuka kuwa petali za rangi, unaona ua moja limechomekwa ndani ya jingine. Kuna aina nyingine stameni zenyewe zimegeuka petali, hapo utahesabu nini?

Hiyo sura ya ua ndani ya ua inapatikana sana kwenye azalea za Kurume. Kurume ni mji wa Japani, na Ernest Henry Wilson, mkusanyaji mimea maarufu, alifika huko mwaka 1918 akachagua aina hamsini zikapelekwa Marekani, wapenzi wa azalea bado wanaziita hamsini za Wilson. Maua madogo, majani madogo yanayong'aa, kichaka kilichoshikana. E na D nimeziandika "kundi la Kurume" na nimeishia hapo. Jina kamili la aina siandiki bila ushahidi, kwa sababu aina zilizosajiliwa ni maelfu kwa maelfu na nyingi zinafanana kwa rangi, na lebo isiyo ya kweli ni mbaya kuliko kukosa lebo, itamdanganya kila atakayekuja baadaye.

G anachelewa, wenzake wakiwa wamemaliza yeye ndo anaanza, maua makubwa yamepanuka wazi na kwenye kichaka kimoja kuna ua jeupe, jeupe lenye mistari ya waridi, na tawi moja lote la waridi tupu. Kuchelewa pamoja na kuchanganya rangi namna hiyo ni tabia ya Satsuki, azalea za Wajapani zenye damu ya Rhododendron indicum ambazo wanazipenda sana kwa bonsai, yani miti midogo ya kwenye vyungu. Lile tawi la waridi tupu ni mabadiliko ya tawi lenyewe, ukikata kipandikizi kutoka pale unapata kichaka cha waridi tupu, ukikata pengine unapata mchanganyiko. Kwa hiyo nimefunga uzi mwekundu kwenye tawi na uzi mweupe kwenye matawi yenye mistari, maana maua yakishaanguka hakuna wa kuyatofautisha.

J ndo aliyenifurahisha kuliko wote. Maua ya njano yametoka kabla majani hayajakamilika, harufu unaipata ukiwa bado mbali, stameni tano ndefu zimechomoza nje ya ua zikipinda juu. Nje ya mrija wa ua kuna vinyweleo vinavyonata, ukishika vidole vinagandiana. Rhododendron luteum, hapa sina shaka, anatoka Ulaya ya mashariki, Uturuki na Kaukazi. Nikamgusa kwa kijiti ncha ya stameni: chavua haimwagiki kama unga, inatoka kupitia vitundu viwili kwenye ncha na inaning'inia kwa nyuzi zenye kunata, ukivuta kijiti uzi mzima unakuja. Nyuki akigusa anaondoka na mkufu.

F nilimtilia shaka tangu mwanzo. Juu ana maua mekundu makubwa kwenye vichala vizito, pembeni chini yametoka maua ya zambarau hafifu. Nikafukua kuzunguka shina nikakuta uvimbe wa pale alipounganishwa, na zile zambarau zote zinatoka chini ya uvimbe. Ni shina la chini limechipua, Rhododendron ponticum, ambalo zamani walilitumia sana kubebeshea aina nzuri. Ukiiacha inammeza aliye juu yote, na huko Uingereza na Ireland ponticum imevamia misitu mpaka mimea mingine haioti chini yake. Nimeyavuta machipukizi kwa mkono hadi yakang'oka na kisigino chake, kukata kwa mkasi kunaacha macho yanayochipua tena.

Maua yanaanguka

Kazi ya sasa ni kuvunja vichala vilivyonyauka kwenye C na F. Unashika kikonyo kwa kidole gumba na cha shahada, unapinda upande, kinakatika safi. Angalia sana, macho ya majani ya msimu ujao yako pale pale chini, yananata, ukiyavunja umepoteza tawi. Azalea sizivunji, ni maua mengi mno na hazidhuriki.

Kupogoa pia ni sasa hivi, mara maua yanapoisha, maana matumba ya msimu ujao yanatengenezwa miezi michache tu baada ya haya, anayepogoa mwishoni anakata maua yake mwenyewe.

Kwenye D nimeona petali zenye madoa ya maji yanayogeuka kahawia. Namna ya kujua kama ni mvua tu au ni kuvu wa Ovulinia: sugua petali kati ya vidole, ikivurugika na kuwa utelezi ni kuvu. Ilivurugika. Nimeokota maua yote yaliyoanguka na yaliyogandia, nimeyatoa bustanini kabisa, nimekwangua matandazo ya juu na kuweka mapya, kwa sababu vile vidonge vyeusi vya kuvu hulala humo vikisubiri maua yajayo. Pia simwagilii tena juu ya maua.

Kuzidisha

Njia inategemea kundi, ndo maana nililalia sana kwenye kutambua.

D, E na G nimekata vipandikizi, machipukizi ya msimu huu yaliyoanza kukakamaa, yani ukiyapinda yanakatika kwa mlio badala ya kujikunja. Majani ya chini natoa, ganda la chini nakwangua upande mmoja, homoni ya mizizi kidogo, halafu kwenye mchanganyiko wa mosi (mimea midogo ya sphagnum iliyokaushwa, inashika maji) na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe) chini ya plastiki isiyogusa majani. Kivuli angavu. G nimechukua kwenye nyuzi zote mbili na kila trei ina alama yake.

C ni mgumu kwa vipandikizi kwa hiyo nimelaza tawi. Tawi la chini limekwaruzwa upande wa chini, limezikwa kwenye mosi na magome, jiwe juu yake, ncha imefungwa kwenye kijiti isimame wima. Huyo anaachwa huko mwaka na zaidi, hakuna kumfukua kuchungulia.

J nitamtolea mbegu, spishi halisi inafaa kwa mbegu ila nyuki huchanganya, kwa hiyo vichala kadhaa nilivifunika kwa kitambaa chepesi na kuchavusha mwenyewe kwa chavua yake. Mbegu za hizi mimea ni ndogo mno na zinahitaji mwanga kuota, unazinyunyiza juu ya mosi yenye unyevu na hufukii. Kwa aina za kuchanganywa kama E mbegu haisaidii, watoto hawatafanana na mama.

Joto limepanda

E upande wenye jua kali amepauka, juu ya jani kuna vidoa vidogo vyeupe vingi, na mtu angeweza kudhani ni chuma tena. Geuza jani. Chini kuna madoa meusi yanayong'aa, hayo ni mavi ya wadudu wadogo wa Stephanitis, wenye mabawa yanayopitisha mwanga na mishipa ya wavu, wananyonya upande wa chini na kutaga mayai kwenye mshipa wa kati. Upande wa E ulio kivulini hauna hata mmoja. Nimewapiga kwa maji ya nguvu kutoka chini, halafu sabuni ya kuulia wadudu, hasa kuwalenga wachanga wasio na mabawa bado.

L amenyauka ghafla wakati udongo wake una maji. Hiyo ndo dalili mbaya kuliko zote. Nimekwangua ganda karibu na ardhi nikakuta kahawia nyekundu badala ya kijani, mizizi myeusi ganda linavuka. Phytophthora, kuoza mizizi, na pale maji hutuama. L ameng'olewa na udongo wake, hapo sitapanda tena jamaa yeyote wa ukoo huu, na sepetu nimeiosha kwa dawa kabla ya kugusa vingine.

Kwa wenye mifugo: majani na maua ya hivi vyote yana sumu ya grayanotoksini, mbuzi na kondoo hufa, mbwa huugua. Vile vichala na matawi niliyokata sivitupi kando ya uzio, vinaenda kwenye mapipa yenye mfuniko. Hata asali ya huko kwenye pwani ya Bahari Nyeusi inayotokana na luteum na ponticum huwalevya watu, Xenophon, kamanda na mwandishi wa Ugiriki ya kale, aliandika jinsi askari wake walivyolala chini kwa kuila.

Hali ilivyo sasa

D, E na G wanageuka njano ndani ya kichaka na kudondosha majani. Siyo ugonjwa. Azalea hizi zina majani ya aina mbili, yale ya mwanzo wa msimu ni mapana na mepesi na huanguka, yale ya baadaye madogo na mazito hubaki mpaka msimu unaofuata. J amekuwa mwekundu wa moto mzima. H kwenye makazi yake mapya ametoa majani ya kijani na matumba ya ua nayahesabu kwa furaha, siyo mengi ila yapo.

Vipandikizi vya G vingi vimeshika, ukivivuta polepole vinakataa. Vya D wachache wameoza shingo, nimewatoa na kuongeza hewa.

Kilichobaki ni K. Hakuchanua msimu huu. Manyoya mazito chini, kingo zilizojikunja, na machipukizi mapya yalitoka yamefunikwa na unga mweupe wa fedha, yote yanaelekea kwa Rhododendron yakushimanum wa kisiwa cha Yakushima huko Japani, aliyefika kwenye bustani ya Exbury Uingereza mwaka 1934 na tangu hapo amezaa machotara mengi sana. Swali ni kama ni yeye halisi au chotara wake. Spishi halisi tumba lake ni la waridi na ua likifunguka linakuwa jeupe, tena manyoya hubaki mazito miaka yote, machotara wengi manyoya yao ni hafifu zaidi na rangi za maua zinakwenda kwingine. Sasa ana matumba manne manene, nimemfunika dhidi ya upepo mkavu, na ukurasa wake kwenye daftari nimeuacha na nafasi ya picha za tumba, ua linalofunguka na ua lililofunguka, zote kwa mwanga wa saa ile ile ya siku ili rangi zilinganishwe.